Namba Iliyokatwa Katikati

Iftin, Garissa
Jumanne, baada ya Asr

Hooyo, mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Yusuf, mdogo wangu, najua ni wewe utakayemsomea Hooyo barua hii na kumgeuzia kwa Kisomali. Basi kabla hujavuka mstari huu, inuka. Ndani ya ule mfuko wa buluu niliofungia nguo za mwanangu Ifrah kuna chupa ya dawa ya homa, dawa ya maji, kifuniko chekundu. Itoe. Iweke juu asipofika mtoto, na mtu yeyote asimpe hata tone. Ukishaiweka, rudi ukae, uendelee kusoma.

Sasa niwasalimie kama binti aliyelelewa. Hooyo, magoti yanasemaje? Mvua imefika huko, au bado ni mawingu ya kupita? Wale mbuzi waliozaa wana maziwa ya kutosha chai? Mimi na huyu mchanga tu wazima, alhamdulillahi, ila usingizi nimeshausahau. Namwomba Mungu barua hii ikukute umempakata Ifrah, anakuchosha kwa maswali yake.

Ningepiga simu. Tangu jana nimepiga yako, ya Yusuf, ya jirani mwenye duka, zote hazipatikani. Wanasema mnara wenu umelala tena. Gari la abiria la kwanza ni Alhamisi. Lori la unga la binamu yetu Abdullahi linatoka kesho baada ya Alfajiri, nikamsihi anipakie. Akaniambia, "Walaal, dada yangu, njia ile na mtoto wa miezi mitatu juu ya magunia, mimi sibebi hiyo dhambi." Nilimkasirikia, lakini ana haki. Kwa hiyo karatasi inatangulia naye, nami nafuata.

Nieleze ilivyokuwa, msije mkafikiri nimechanganyikiwa kwa uchovu.

Pale kwenye stoo ya dawa ya Haji, kila chupa inayotoka naiandika kwenye kompyuta: nani kachukua, dawa gani, na ile namba iliyopigwa chini ya karatasi ya chupa. Programu yake imeandikwa kwa COBOL, lugha ya kompyuta ya zamani sana, vijana wa chuo wakiiona wanacheka. Aliyeiandika ni Mzee Kilonzo, siku hizi amestaafu, yuko kwao Mwingi. Tangu Haji afungue stoo, kila kitu kimeingia kwenye faili moja tu, maneno yamefuatana kama kamba moja ndefu isiyo na fundo. Ukitaka kitu humo, unaiambia kompyuta herufi zenyewe, nayo inapekua kutoka mwanzo.

Wiki iliyopita wauzaji wa Nairobi walileta habari kwamba dawa ya homa yenye namba K72214 imeharibika, inaumiza figo za watoto, itafutwe yote irudi. Haji akanipa namba. Nikaiandika, kompyuta ikapekua, mimi nikanyonyesha mtoto akashiba akalala, ndipo ikaleta majina saba. Langu halikuwemo. Hooyo, nilishukuru. Nilikuwa naandika majina ya watu saba wenye watoto, na moyoni nashukuru kwamba wangu hayumo. Hilo nalo Mungu anisamehe. Tukawapigia wote, chupa zikarudi, Haji akawaandikia wauzaji kwamba kazi imekwisha.

Jana nikiwa nafua nguo za mtoto ndipo nikakumbuka siku Ifrah alipoondoka kuja kwenu. Ile chupa niliyompa niliitoa kwenye katoni ambayo Haji alikuwa amefungua asubuhi ile ile, vifuniko vyekundu, na niliiandika kwa mikono yangu. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikarudi stoo na mtoto mgongoni. Sikutafuta namba safari hii, nilitafuta jina langu. Ikaleta: Habiba, dawa ya homa, chupa moja, halafu K72. Basi. Hapo imekatika, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Nilimpigia Mzee Kilonzo. Akaniuliza faili limekuwa kubwa kiasi gani, nikamtajia. Kisha akaeleza taratibu. Kompyuta ile haiwezi kumeza faili zima, kwa hiyo inalisoma kipande kwa kipande. Inamaliza kimoja, inakisahau, inachukua kingine. Namba ikiangukia mpakani, nusu inabaki huku na nusu inakwenda kule, na hakuna kipande chenye namba nzima. Ni kama mnadani mkihesabu mbuzi kundi kwa kundi: yule aliyesimama kichwa kundi hili na mkia kundi lile, kila mtu anadhani mwenzake kamhesabu.

"Nilipoiandika, faili lote lilikuwa linaenea kwenye kipande kimoja, binti yangu," akasema. "Hakuna aliyeniambia limekua."

Hata mimi kila siku naliongeza, na sikuwahi kumwambia mtu.

Akanisomea herufi moja moja za kubadilisha, ili kompyuta ipekue upya ikianzia katikati ya kipande cha kwanza, mipaka yote isogee. Nilikosea mara mbili, hakunikemea. Yakaja majina mawili ambayo hayakuonekana mwanzo. La mama mmoja mwenye duka karibu na soko la mifugo. Na langu, na namba nzima, herufi zote sita, Hooyo, hakuna iliyopungua.

Haji alipokuja hakutaka kuamini. Alisema kompyuta ile haijamdanganya hata siku moja, na kwamba ameshawaandikia watu, atawaambia nini sasa. Mimi Haji namheshimu, mnajua, ndiye aliyenipa kazi nikiwa na mimba. Lakini jana sikuinamisha macho.

"Haikudanganya, Haji," nikamwambia. "Ilisema haijaona. Sisi ndio tuliosikia 'hakuna'."

Alinitazama, akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akachukua fimbo yake akapanda tuktuk mwenyewe hadi kwa yule mama. Chupa ilikuwa bado rafuni, haijafunguliwa. Kwa hiyo sasa zimerudi zote ila moja.

Ile moja iko kwenu. Na aliyeifunga kwenye nguo za mtoto ni mimi, nikasema, "Hooyo, akipata joto mpe kijiko." Maneno hayo yananirudia kila nikikaa.

Sasa nisikilizeni vizuri, sitaki huruma hapa. Kama Ifrah amekunywa, hata kijiko kimoja, hata kama anacheza na amenenepa, mpelekeni zahanati leo leo na chupa mkononi. Mtazameni anavyokojoa. Akikojoa kidogo au asipokojoa kabisa, msingoje mkojo, msimpe mitishamba, msiseme ni jua. Ayeeyo, bibi yetu, ana dawa zake na namwamini, lakini kwa hili hapana. Na wewe Hooyo usilie, wala usijilaumu. Ulimpa kwa sababu mimi nilisema.

Msalimieni Ayeeyo, mwambieni sikumdharau. Msalimieni yule jirani mwenye duka, na abti, mjomba wangu mwenye ngamia, akirudi kutoka malishoni. Baba Ifrah bado yuko kazini Wajir, nimemwambia kwa simu. Ifrah mwambieni mama yake anakuja na mdogo wake, na viatu vya njano nimevipata.

Chupa msiitupe. Ifungeni kwenye kitambaa mumpe Abdullahi. Keshokutwa akirudi akafika penye mtandao atasimamisha lori anipigie, tumeshapatana. Nimemwambia asinisalimie, asinieleze habari za njia. Aseme neno moja tu, imejaa au imepungua. Hata nikiwa ndani ya gari la kuja kwenu, simu itakuwa mkononi.

Binti yako,
Habiba, mama Ifrah