Nilipoweka Ukuta Kwenye Pete

Chang'ombe,
Dodoma.
9 Machi 2025.

Mpendwa Kaka Elieza,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Anjelina, na kwamba kifua kilichokuwa kinakusumbua kabla ya Krismasi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mimi ni mzima, na Sila mume wangu ni mzima isipokuwa jino. Kwa daktari hataki kulipeleka, anasema litachoka lenyewe.

Najua utashangaa kupokea karatasi badala ya ujumbe wa simu. Ludovick, tunayefundisha naye idara moja, anakuja huko Ufini Alhamisi kwa ajili ya mkutano, na amekubali kukuletea mkononi. Ana pia mfuko wa mlenda mkavu kutoka kwa Mama Mkubwa. Amelalamika kwamba watu wa forodha watamuuliza ni majani gani hayo. Nimemwambia aseme ni mboga, na wakizidi kumsumbua awapikie.

Bahi mvua zimekuja vizuri. Majaruba yamejaa, mpunga umesimama, na bodaboda wanatoza wanavyotaka kwa sababu ya tope. Nilikwenda Jumapili iliyopita. Baba Mkubwa ni mzima, ni goti tu. Unamjua baba yako: salamu zake bado ni zile zile ndefu. Mbukwenyi ya Kigogo kwanza, habari za nyumbani, za watu, za ng'ombe, za mvua, kisha za watu tena. Mtu hata aje na habari ya msiba, pale kwake atakalishwa, atapewa maji, ataulizwa mbuzi wanaendeleaje, ndipo aseme kilichomleta. Tulipokuwa wadogo ilikuwa inatukera sana. Safari hii nilishukuru. Alipomaliza akaniuliza kilichonileta, nikasema nimekuja kuwaona tu.

Makala yako ameichapisha ukurasa wa kwanza pale stesheneri, akaibandika sebuleni karibu na kalenda ya kanisa. Aliniomba nimtafsirie kichwa chake, nami nikamtafsiria. Sasa anatangaza kwa kila mtu kwamba mwanawe na binti wa mdogo wake wamegundua maji ambayo yakianza kuzunguka hayasimami kamwe. Kanisani mzee mmoja akauliza yataletwa Bahi lini, maana mbuga hukauka kila mwaka. Baba Mkubwa akamjibu bila kupepesa macho kwamba kwanza yanajaribiwa Ulaya. Tena amefunga beberu mweupe nyuma ya nyumba. Anasema ni wa siku makala itakapotoka, na hakuna ruhusa ya kumgusa.

Kaka, salamu zimekwisha. Umekaa? Maji umekunywa? Haya. Makala ina kosa.

Si la nukta wala koma, ambazo ndizo ulizoniomba nizitazame. Ni kosa linaloiangusha yote. Na tarehe 24 mwezi huu unasimama kuitolea mhadhara, mbele ya watu wale wale watakaoamua kama mkataba wako unaongezwa Juni au unafunga mizigo. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ukishasema "sikiliza, mdogo wangu" basi tena, kazi yangu inabaki kuitikia.

Nakwenda taratibu. Mengi ya haya unayajua kuliko mimi, lakini nataka tufike pamoja, usije ukaniruka njiani. Wenzako wa maabara wamezipoza atomi kwa leza mpaka karibu kabisa na mwisho wa baridi, baridi ambayo Januari yenu yote huko ni joto mbele yake. Zikifika hapo kila moja inaacha mambo yake, zinakwenda zote kama kitu kimoja, bila msuguano. Ni jambo moja na ule umeme unaozunguka bila kupungua kwenye waya uliopozwa, ndani ya zile mashine za hospitali za kupiga picha mwilini. Ukizitia atomi hizo kwenye njia ya mviringo, mfano wa pete, ukazikoroga, zinazunguka. Chai ukiikoroga inatulia yenyewe baada ya muda mfupi. Hizi zinakwenda tu, na hakuna aliyekuwa na uhakika kama zitakuja kusimama.

Wewe ukaja na hesabu. Ukasema umethibitisha kwamba hazisimami, hata pete iwe nyembamba kiasi gani, hata njiani kuwe na kizuizi. Kamwe. Neno hilo umeliweka kwenye kichwa cha makala, na ndilo Baba Mkubwa analolipenda kuliko yote.

Niliisoma mara mbili nikakubali. Mara ya pili nilifurahi mpaka nikamwita Sila kutoka jikoni aje aone mstari wa mwisho. Akautazama, akasema mzuri, akarudi kwenye sufuria yake.

Halafu nikapangiwa kusimamia mtihani wa mwaka wa kwanza. Ni saa tatu za kutazama visogo vya watu. Uvumilivu uliponiishia nikachukua karatasi moja ya ziada, nikafanya ulichonifundisha mwenyewe nikiwa kidato cha tano, ile likizo uliyonigeuzia meza ya Mama Mkubwa kuwa ubao: ukipewa kanuni kubwa, ijaribu kwenye kitu kidogo kabisa, halafu itese. Nikachukua atomi mbili tu, nikaziweka kwenye pete yako. Zikazunguka, sawa. Nikaweka kizuizi kidogo. Zikazunguka. Nikakikuza. Zikazunguka. Mwisho, kwa uchokozi tu, nikaweka ukuta mzima unaoziba njia yote, hata sisimizi hapiti. Kanuni yako ikaniambia bado zinazunguka.

Zinapita wapi, Kaka?

Nilicheka kwa sauti, binti wa mstari wa mbele akadhani namcheka yeye. Halafu kicheko kikaniishia.

Nikaanza kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, kutafuta ukuta wangu umepotelea wapi. Umepotelea ukurasa wa nne. Pale umechukua idadi ya mizunguko ya mkondo, ukaiandika kama namba isiyobadilika. "Kwa urahisi wa hesabu," ndivyo ulivyoandika. Ukifika ukurasa wa kumi na moja unathibitisha kwamba idadi hiyo haibadiliki. Ibadilike vipi? Umeifunga kamba mwenyewe asubuhi, jioni unatuita tuone jinsi isivyotembea.

Jamani, Kaka.

Kilichonifanya nisilione mara mbili zote ni kwamba nami naandika hivyo hivyo. Mstari ule uliniandikia wewe kwenye daftari la kwanza, nami nawaandikia wanafunzi wangu, na sidhani kama kuna aliyewahi kuutazama. Kwenye hesabu nyingine hauna madhara yoyote. Hapa ndio uliobeba nyumba nzima.

Nilikukasirikia siku kadhaa. Nilikuwa natembea kutoka kituoni mpaka nyumbani huku nikikugombeza kichwani, kwa Kigogo, maneno ambayo sitayaweka hapa. Hasira ilipokwisha nikaingiwa na hofu, na hiyo haijaondoka.

Nimeifungua ile namba nikahesabu upya. Kurasa tatu ziko nyuma ya barua hii. Mkondo unasimama, Kaka. Haupungui kidogo kidogo kama chai. Unashuka kwa vidato kama vya ngazi: mzunguko mmoja unapotea mara moja, mkondo unatulia hapo kwa muda mrefu, halafu unapotea mwingine. Kwenye pete pana yenye atomi nyingi mtu atangoja mpaka achoke. Kwenye pete nyembamba kama ile ya wenzako hawatangoja sana. Wataliona kwa macho yao, pengine mwaka huu huu, na makala itakuwa imeshatoka na "kamwe" yake juu. Au atatokea mtu pale ukumbini siku hiyo hiyo, anyooshe mkono, aulize habari ya ukuta. Mimi mwenyewe ningeuliza.

Kilichobaki kwenye makala ni kidogo, kwamba mkondo hushuka kwa vidato. Inawezekana wengine wameshakisema, sijapata muda wa kutafuta vya kutosha. Angalia kurasa zangu kwa jicho kali, maana na mimi nimetoka shule yako. Sitakudanganya kwamba hicho kitatosha kukupatia mkataba. Sijui. Nadhani hakitatosha.

Sijamwambia mtu. Sila hajui. Ludovick anadhani bahasha hii ni mambo ya shamba la Bahi, na nimeigundisha kwa gundi ya kiatu ili aendelee kudhani hivyo. Baba Mkubwa hajui, na kila akipiga simu ananiuliza imetoka, namjibu bado. Kumdanganya mzee yule naona vibaya mno, maana hata hashuku. Anasema sawa, kisha anaanza upya habari za mvua.

Sasa nikuombe jambo moja. Ulipoweka jina langu kando ya lako nilikuambia sistahili, kazi yangu ilikuwa kukagua tu, ukaniambia ninyamaze. Nikanyamaza. Na ukweli nilifurahi, Kaka, sijawahi kukuambia. Nikiwa Bahi, Baba Mkubwa alipokwenda kutazama ng'ombe, nilisimama mbele ya karatasi ile ukutani nikasoma Mazengo na Mazengo, kisha nikasoma tena.

Kwa hiyo tarehe 24 ukiamua kuisoma ilivyo, isome. Wewe ni kaka yangu, una nyumba na mke wa kuwafikiria. Sitafungua mdomo, si chuoni, si Bahi. Lakini jina langu litoe. Na ukisimama ukawaambia kwamba tumekosea, na kosa liko ukurasa wa nne, jina langu liache lilipo. Lianguke na lako.

Ukifanya hivyo, habari ya beberu niachie mimi. Nitakwenda Bahi, nitakaa, nitakunywa maji, nitaulizwa ng'ombe wote mmoja mmoja, kisha nitamwambia mzee kwamba maji yanasimama kama maji mengine. Ninavyomjua ataniuliza kama sasa amfungulie mbuzi. Nitamwambia amwache pale pale mpaka uje.

Mama Mkubwa anakusalimu sana, anasema mlenda usiupike na maziwa kama mara ile. Shangazi Evodia anawasalimu, ameota mmepata mtoto na ameniagiza niulize. Sila anakusalimu yeye na jino lake. Wifi Anjelina mpe salamu zangu nyingi, na ikiwezekana msomee barua hii kabla hujaamua, kwa sababu ana akili kutuzidi sote wawili na hajui hesabu zetu.

Mungu awafunike katika baridi hiyo, na siku ile akupe sauti isiyotetemeka, utakalosema liwe lolote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda wewe pamoja na ukurasa wako wa nne,

Penina