Kitabu cha Mashine ya Odeta

Butimba, Mwanza
9 Februari 2025

Mpendwa kaka Alexander,

Shikamoo kaka. Alama ya uji hapo juu si yangu. Sasa hivi mwanangu Princess amepanda mapajani, amefumba macho, akapitisha vidole kwenye karatasi: "Nasoma kama shangazi." Nikacheka, nikamfuta uji vidoleni. Baridi ya huko umeizoea? Sisi wazima, kikohozi cha mama mkwe nacho kimepungua.

Kaka, ninaandika kwa ajili ya shemeji yako Odeta, mdogo wake mume wangu Ngosha, yule asiyeona. Yuko mwaka wa pili chuoni. Padri alimletea mashine ya nukta nundu: unaiunga na kompyuta, vijiti vidogo vinainuka, anasoma kwa vidole. Kompyuta ya zamani ilipokufa, mpya ikakataa kuitambua. Sasa anasomewa na wenzake, nao wakichoka basi tena. Mtihani ni mwezi wa tano.

Mume wangu na wenzake wa kwenye mtandao wanatengeneza programu ya kuzipatanisha, ya bure, yeyote aichukue na airekebishe. Mimi niliishia la saba, ila nimeelewa hivi: bila kitabu cha kiwanda kinachoeleza mashine inaongeaje, wanabahatisha tu. Miezi mitatu sasa, na bado herufi nyingine zinatoka kichwa chini.

Ngosha aliwaandikia wenye kiwanda mara tatu. Wamejibu wiki iliyopita: kitabu watatoa, ila asaini kwamba kilichomo hatamwonyesha mtu, hata kwa kupitia programu. Yaani Odeta asome, na zile mashine mbili kama yake, za wasioona wenzake wa Sengerema, zibaki zimefunikwa vitambaa. Ngosha alikwisha kushika kalamu. Odeta akamwambia, "Kaka, nisome peke yangu kama mke wa mtemi?" Mama mkwe akaguna, "Saini bwana, mtoto afaulu!" Nisikufiche, mimi nilikuwa upande wa mama. Usingizi ukanikataa, nikiwaza hao wa Sengerema nao wana mama zao.

Kiwanda kiko mji huohuo unaokaa. Barua za Ngosha zilikuwa kavu, kaka, hata salamu hamna, na kwetu nani anaposa kwa barua? Hutumwa mshenga, akakaa, akasalimia, ndipo akasema kilichomleta. Nenda wewe. Vaa shati zuri. Waambie hatutaki siri ya kuiunda mashine, tunaomba lugha yake tu. Wakikataa, rudi kesho yake. Mshenga hakati tamaa kwa neno moja.

Msalimie wifi Rose na watoto. Ngosha na Odeta wanakusalimu sana. Mungu akutangulie mlangoni pale, akulainishie wenye nyumba.

Wako akupendaye,
Paskazia

N.B. Wakikutolea ile karatasi ya siri, hata kwa chai na tabasamu, usisaini kwa niaba yetu. Odeta mwenyewe ameniomba niandike hivyo. Mama mkwe ananiita huko nje, nimalizie tu: hata Odeta akilazimika kurudia mwaka, kaka, sisi tumekubali.