Millicent na Masikio ya Clifford

Nzula, wacha chochote unachofanya usome hii. Millicent amejimaliza!

Si unajua kile kikundi chao cha kujitolea, wanarekodi vitabu vya zamani watu wasikilize bure? Yeye husomea ndani ya kabati la nguo kwake Hurlingham, maana nguo humeza kelele. Akikosea anapiga makofi kuweka alama ya pa kukata, anarudia sentensi, kisha anatuma rekodi hivyo hivyo. Clifford wa Kitisuru ndiye husikiliza yote na kukata makosa.

ANASIKILIZA YOTE. Shika hapo.

Jana Clifford alimrudishia sura ya saba mara ya tatu, eti anasoma kama anakimbizwa. Millicent akaingia kabatini amefura. Akasoma, akakosea, akapiga makofi, akaanza kumtukana Clifford!

"Ana masikio ya popo na roho ya mwalimu wa zamu!" Akasoma kidogo, makofi tena. "Ndiyo maana hana bibi!" Dakika nne, Nzula, dakika nne! Mwishowe akashusha sauti: "Na vile ako na sauti tamu, shetani huyu."

Halafu akasahau, akatuma. Yote. Kwa Clifford!

Saa hii amenipigia akiwa amejifungia choo ya ofisi huko Westlands, anaogopa kufungua jibu. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma:

"Sura ya saba sasa iko sawa. Nimetoa kikohozi, honi mbili, na mimi mwenyewe. Ile ya sauti tamu nimejiwekea."