Mama Amekataa Verni

Bunia, Mudzipela
Tarehe 14 Septemba 2024

Mupendwa yaya Kamate, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia sana huko Kisangani, weye, bibi yako Arielle na mutoto wenu Élisée. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na ule mugongo wako umeacha kukusumbua. Siye hapa tuko wazima, tunashukuru Mungu. Mvua inanyesha, na matope ya Mudzipela unayajua. Mama pia ni muzima. Nasema tena, juu ya ile habari niliyokupa mwezi uliopita: Mama ni muzima, na anatembea.

Najua unajitayarisha kuja kumuchukua akaishi kwenu. Kwa simu ungenikata neno kabla sijamaliza, ndiyo maana naandika. Keti kwanza, usome yote.

Unakumbuka ni weye ulisema sakafu ya mbao aliyoipigilia baba ipakwe verni. Ulisema, "Verni ya kung'aa, Kavira, watu waone hii ni nyumba." Yaya amesema, siye ni nani tukatae. Fiacre, yule seremala jirani yetu, akapaka, akarudia. Kusema kweli ilikuwa nzuri. Wageni walisimama mulangoni wakiogopa kukanyaga.

Nyuma ya hapo Mama akaanza kubaki chumbani. Chakula tulimupelekea kitandani. Tukimuita akuje tuketi saloni, anasema miguu imechoka. Macho yake sasa yanaona mwanga tu, lakini ndani ya nyumba yake hakuwa anahitaji mutu wa kumushika mukono. Siku moja akajaribu kutoka, akaenda kugonga kabati, akaanguka. Hospitali wakapima magoti, wakapima damu, hawakuona kitu. Ndiyo siku nilikupigia nikilia, na weye ukasema basi, nyumba imemushinda, akuje Kisangani. Mama akitoka hapa kwa umri ule, hatarudi, na weye unajua.

Kisha, nilipokuwa namukata kucha za miguu, akaniuliza pole pole kwa nini tulimuhamisha. Nikamuambia, Mama, haujahama, uko kwako. Akasema, "Kwangu kuna mbao. Hapa niko natembea juu ya sahani."

Yaya, nilibaki na ule muguu mukononi. Kumbe miaka yote hii Mama alikuwa anaona na nyayo. Ubao mupana unamuambia meza iko karibu, ule wenye kifundo unamuambia mulango wa jikoni ni huu. Na verni yetu ilikuwa imejaza nafasi zote katikati ya mbao, sakafu yote ikawa kitu kimoja. Tulimuzimia taa, siye watoto wake.

Nikamuita Fiacre. Alinuna kidogo juu ya kazi yake, lakini akaleta vipande vya libuyu, mbao ile ile ya baba: kimoja cha verni nyepesi isiyong'aa, kingine cha nta ya nyuki, kingine cha mafuta ya kitani. Nikavipanga chini, Mama akavua viatu. Kwa verni, akaondoa muguu mara moja. Kwa nta akateleza, akanishika bega, akasema, "Hii ni samaki." Kwa mafuta akasimama. Akakunja vidole, akavinyoosha. "Hii ndiyo mbao."

Basi tukachagua mafuta. Kuondoa verni kwa musasa ilikuwa vita, vumbi lilifika mpaka ndani ya sufuria. Mafuta yenyewe yanapakwa kidogo tu, unayasugua yaingie, unapanguza yanayobaki, halafu unangoja yakauke. Vitambaa vyenye mafuta tunavitandaza nje, juu Fiacre anasema ukivirundika vinaweza kuwaka vyenyewe. Sasa viatu vinabaki mulangoni, muchanga wa barabara unakwaruza mbao. Tunafagia kwanza, ndipo tunapitisha kitambaa kilichokamuliwa sana. Kila kiangazi tutapaka tena. Ni kazi kupita verni, sitakudanganya, na haing'ai. Tantine Kanyere, ambaye hakosi neno, amesema tumeiacha sakafu uchi. Tumuache aseme.

Siku mafuta yalikauka, Mama alitoka chumbani peke yake. Nilisimama pale na sahani zangu, sikumushika. Akapita meza, akapita kabati ile ile, akafika mulangoni, akafungua yeye mwenyewe. Nililia tena, lakini hiki si kile kilio ulichosikia kwa simu. Moyo wangu umetulia, yaya. Sasa nalala.

Kwa hiyo usikuje kumuchukua. Kuja kumusalimia.

Arielle nimemukumbuka sana, na Élisée umubusu kwa ajili yangu. Tantine Kanyere na Fiacre wanawasalimia, huyu wa mwisho anauliza nani atamulipia verni yake ya kwanza. Mungu awafunike nyote, awafungulie barabara mpaka huku.

Neno moja linabaki. Unakumbuka ule ubao karibu na mulango, ulioupigilia weye ulipokuwa mutoto, baba akauacha vile vile? Ubao ule bado unalia. Fiacre alitaka kuunyamazisha, Mama akamukataza. Kila asubuhi anakwenda pale, anaukanyaga kusudi, unalia, naye anaitika, "Ndiyo, Kamate."

Mudogo wako akupendaye sana,
Kavira