Wingu la Nyota na Kichuguu cha Mama Paska

Ijumaa, 14 Novemba
Kamera ya studio ya picha ninakofanya kazi iko nyumbani! Bosi wangu Angelo ameniachia kwa sababu wiki hii Arua nzima hakuna anayeoa. Nimetazama video kadhaa kwenye simu, kwa hiyo sasa mimi ni mtaalamu. Nitapiga picha ya nebula — lile wingu lililo chini ya nyota tatu zilizopangana mstari. Eti nyota zinazaliwa mle ndani. Picha ya kwanza: giza. Ya pili: giza. Ya tatu: taa ya jirani. Imetoka vizuri sana.

Jumamosi, 15 Novemba
Mawingu. Mvua yenyewe hainyeshi, yanaziba tu.

Jumapili, 16 Novemba
Anga limefunguka. Kwenye picha nyota zote zimetoka na mikia, kama mchele uliomwagika. Kumbe dunia inazunguka kweli! Shuleni nilidhani ni maneno ya mtihani. Basi kila picha iwe ya sekunde chache tu, halafu niziunganishe nyingi kwenye kompyuta. Tatizo jingine ni paa la jiko la Mzee Amandu, mwenye nyumba. Linaficha kila kitu. Labda nipande kile kichuguu pale mpakani na jirani.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimepanda. Stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, imesimama imara, taa nyekundu kichwani ili macho yasisahau giza. Nimekaa mpaka shingo imegoma. Nimeziunganisha picha — na doa hili hapa! Dogo, la waridi, limefifia kama juisi kwenye shati la mtoto. Nimelia. Mtu mzima, nalilia doa.

Jumanne, 18 Novemba
Mama Paska, jirani, hakuitikia salamu yangu. Nimeelezwa na bintiye, Paska, kwenye bomba la maji. Kichuguu ni chao tangu babu yao. Msimu huu, mvua ikinyesha, kumbikumbi hutoka pale, na ukoo mzima hula. Mtu wa nje hakikanyagi. Akikikanyaga usiku, amekuja kuwafunga kumbikumbi kwa uchawi wasitoke. Na mwaka huu bado hawajatoka.
Hongera, Nadine! Mgeni kutoka Kongo, taa nyekundu kichwani, usiku wa manane, unanong'ona na kitu cha miguu mitatu. Hata mimi ningejiogopa.

Jumatano, 19 Novemba
Sokoni nimehudumiwa wa mwisho, na nilifika wa kwanza. Dada yangu Sephora amepiga simu kutoka Koboko: nifunge mizigo niende kwake kabla sijachomewa nyumba. Asante kwa faraja, dada. Lakini kazi yangu iko hapa. Na nikikimbia, ndiyo nimekiri. Sitaki kuhama. Naogopa.

Alhamisi, 20 Novemba
Kikao kwa Mzee Amandu. Nimewaonyesha doa langu kwenye simu. Mama Paska ameishika simu muda mrefu, akauliza kama kitu hicho kiko mbali. Nikasema mbali mno, huo mwanga uliondoka kule kabla babu za babu zetu hawajazaliwa. Nilianza hata kujisikia mwalimu.
“Kama iko mbali hivyo,” akasema, “kichuguu yangu ilisaidia wewe namna gani?”
Kwenye video hawakufundisha jibu la hilo.
Nimeomba msamaha. Akasema msamaha iko, kumbikumbi ndiyo haiko. Mzee ameamua: wakitoka kabla ya Jumapili, sina kosa. Wasipotoka, nihame. Nami nikaitikia kwa adabu, kana kwamba ni mimi ninayewafuga. Bila mvua hawatoki, hilo kila mtu analijua, hata mimi sasa.
Ni usiku. Hakuna mwezi, hakuna wingu, hakuna hata vumbi. Usiku wa namna hii wapiga picha wa nyota huusubiri mwaka mzima. Kamera iko kwenye begi. Mama Paska amekaa mlangoni kwake, mimi kwangu, wote tunaangalia juu. Nyota zimejaa mpaka zinaudhi.
Mungu wangu, zifunike. Zote.