Mgonjwa Wangu Anakimbiza Mbuzi

Shangazi Liz,

Nisaidie upesi, maana nimebeba siri ya mtu mwingine na nisipoitua kwako nitaitua mahali pabaya. Mimi ni muuguzi wa jamii huku Kegonga, kazi yangu ni kuwafuata majumbani wagonjwa waliotoka hospitali na bado hawawezi kufika kliniki, nawapima presha, nawasafisha vidonda, nawafundisha kunyoosha viungo, na kati yao kuna mama mmoja, nimwite Nyasuguta, alipatwa na kiharusi mwezi wa kwanza kikamlaza mkono na mguu wa kushoto, na tangu hapo kila Alhamisi niko kwake.

Anaishi na mke wa mwanawe, nimwite Kezia. Mwanawe, Maroa, anachomelea vyuma Migori mjini, na zamani alikuwa anaonekana Krismasi hadi Krismasi, lakini tangu mama augue anafika kila Ijumaa jioni, analala, Jumamosi, maana wao ni Wasabato, anaenda naye kanisani akimsukuma kwa kiti cha magurudumu, na majirani nao hawakauki pale nyumbani. Huyo Kezia alipata nafasi chuo cha ualimu, akaomba wamngojee amuuguze mama mkwe kwanza, wakakubali mpaka Jumatatu ijayo, asiporipoti nafasi anapewa mwingine.

Sasa wiki tatu zilizopita nilikuwa na mkutano Alhamisi, nikaamua nipite kwa mama Jumatano. Kufika langoni nasikia kelele, nachungulia, namwona mgonjwa wangu anakata uwanja mbio nyuma ya mbuzi aliyekuwa ametoroka na gauni lake la kanisani, na ile fimbo niliyompa ya kutembelea ameiinua juu kama rungu, haigusi chini hata kidogo! Shangazi, mbuzi alikuwa anashindwa. Aliponiona akasimama, akafikiri kidogo, kisha akajiachilia kwenye nyasi taratibu kama mtu anayetandika mkeka.

"Woi, mguu wangu!" akalia, ameshika goti.

Nikamwambia, "Mama, huo ni wa kulia."

Akahamisha mkono. "Sista, kwani leo ni Alhamisi?"

"Leo ni Jumatano, na nimekuona ukikimbia."

"Hiyo haikuwa kukimbia," akasema. "Hiyo ilikuwa hasira."

Nilicheka mpaka nikakaa chini pale pale, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu ukishacheka na mtu huwezi tena kumkemea. Akanieleza yote. Watu wakienda shambani alikuwa anafanya yale mazoezi niliyomfundisha, ameshika kabati, siku baada ya siku, mpaka mguu ukarudi, na furaha yake ikageuka hofu. Akaniuliza, "Ukiandika nimepona, Maroa atakuja tena kufanya nini? Kezia ataenda chuo, wewe utaenda kwa wagonjwa wengine. Mimi nitabaki kuongea na huyu mbuzi?" Akanishika mkono kwa ule mkono wa kushoto, Shangazi, na nguvu zimo, akaniapisha nisimwambie mtu.

Nikanyamaza. Mgonjwa akikupa siri unaitunza, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini Alhamisi iliyofuata Kezia alinisindikiza mpaka njiani akaniuliza, "Sista, niambie ukweli. Mama anaweza kuachwa?" Nikageuka, nikamwona mama dirishani ananitazama, na mdomo wangu ukasema, "Bado bado kidogo." Na kwenye faili nikaandika hajaweza kusimama peke yake, mara mbili, na sahihi yangu iko pale.

Kitu kingine kinachoniuma, mama yangu mzazi yuko kwetu Ujaluoni, Kendu Bay, peke yake, ni mzima kabisa, na sijamwona tangu Pasaka. Nikimtazama Nyasuguta namwona yeye. Nikisema, namsaliti mgonjwa. Nikinyamaza, Kezia anapoteza chuo. Nifanye nini?

Sista Mwongo, Kegonga.

Shangazi Liz anajibu:

Sista, jina umejichagulia mwenyewe, nami sikupingi.

Barua yako ilinifikia Jumatano, na Kezia alitakiwa chuoni Jumatatu, kwa hiyo sikungoja gazeti. Nilikupigia kwa ile namba uliyoandika chini, ukanijibu kwa kunong'ona kama mwizi wa kuku. Wasomaji nao wasikie niliyokuambia, na yaliyotokea.

Nilikuambia hivi: kutunza siri ya mgonjwa ni kazi yako, kudanganya si kazi yako. Ulipoulizwa na Kezia ungeweza kusema, "Hilo muulize mama mwenyewe," na siri ingebaki salama na wewe ungelala. Hukulazimishwa, dada, ulijipeleka. Ukamhurumia mama mmoja kwa kutumia maisha ya msichana wa watu. Basi nenda kesho, usipite kwa Kezia, nenda kwa mwenye mguu. Mwambie, "Una siku mbili za kusimama mwenyewe mbele ya watu wako, kwa namna utakayopenda wewe, maana baada ya hapo nairekebisha faili, na sitadanganya tena kwa ajili yako."

Ulienda. Ukaniambia alikununia, akakuita Mjaluo asiye na huruma, akageukia ukuta. Ukakaa naye hata hivyo. Mwishowe akauliza, bado amegeukia ukuta, "Nikitembea, utakuja?" Ukamjibu utakuja kumsalimia, bila mashine ya presha. Hapo ulifanya vizuri na nakupongeza, sitarudia.

Jumamosi, kwaya ikiwa katikati ya wimbo, Nyasuguta alisimama kutoka kwenye kiti cha magurudumu, akatembea mpaka mbele, akageuka akawapungia watu mkono. Wa kushoto! Kanisa likalipuka. Maroa akalia kama mtoto. Wazee wa kanisa wakatangaza muujiza, na mama, ambaye sasa nampenda kuliko wewe, hakuwakatalia.

Na Jumapili Kezia akaja kukuaga, begi mkononi. Ukaanza kumwomba msamaha, akakukatiza.

"Sista, mimi nilijua kabla yako. Nikirudi shambani nakuta malapa yake yana tope. Mtu asiyetembea anapata wapi tope?"

Ukamuuliza mbona hakusema.

"Nina miaka ishirini na tisa," akakujibu. "Nilikuwa naogopa kukaa darasani na watoto wa juzi. Mguu wa mama ulikuwa unanisaidia."

Nilipoisikia hiyo niliweka chai chini. Lakini Kezia alienda. Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye foleni ya chuo, anaogopa vile vile, na ndivyo watu wazima wanavyokwenda popote.

Sasa nakuagiza wewe. Ile faili usirarue ukurasa wala usipake wino mweupe. Yale maneno mawili ya uongo yakate kwa mstari mmoja unaosomeka, andika ya kweli pembeni, tarehe na sahihi, kisha mpelekee msimamizi wako kabla hajayaona mwenyewe. Atakugombeza. Simama ugombezwe. Maroa naye mpe maagizo ya kiuguzi, kwamba aliyewahi kupata kiharusi anahitaji kuonwa na jamaa kila wiki, anywe dawa mbele yao, apimwe presha. Hilo si uongo, na ni dawa kwa wote wawili. Na Kendu Bay si ng'ambo ya bahari. Mama mzima naye hutembelewa.

Limebaki lile uliloniuliza ukilia na kucheka pamoja, kwamba mchungaji anakutaka Sabato ijayo, usimame kama mtaalamu uushuhudie muujiza. Nenda. Vaa sare yako safi. Sema kwamba mama huyu alifanya mazoezi kila siku bila kusukumwa na mtu, kwamba Mungu humsaidia anayejinyanyua, na kwamba umemwona kwa macho yako mwenyewe akitembea vizuri sana. Kila neno ni kweli. Kisha kaa chini haraka, kabla hujaulizwa ulimwona lini.