Baba Amegeuka Msimamizi wa Ngome

Dada yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, ila meza ya sebuleni imetekwa.

Unaujua mchezo wangu wa vita, ule wa askari wadogo kama kidole. Nilichapa kuta na minara kwenye karatasi ngumu, nikaanza kukata, kukunja na kubandika kwa gundi. Baba, ambaye tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia alikuwa hasemi neno ila kuomba chai, akavuta kiti.

"Nani kajenga ukuta huu?"

"Mimi, baba."

"Umepinda. Bomoa."

Nikabomoa. Ningefanyaje mbele ya mtu aliyefanya kazi ya uashi miaka arobaini?

Jumamosi rafiki yangu mfamasia alileta jeshi lake kuishambulia ngome. Baba akamzuia. "Gundi haijakauka. Hapandi mtu hapa!" Mfamasia, mtu mzima na ndevu zake, akangoja saa nzima, askari wake wamejipanga foleni kama wagonjwa dukani kwake.

Uliponiuliza kwenye simu daktari alisemaje, nilibadilisha mazungumzo. Nisamehe. Alisema mkono ule hautashika kitu tena, na alisema baba akisikia.

Basi jana baba alichukua mkasi kwa mkono huohuo, akakata dirisha moja. Lilimchukua asubuhi nzima, jasho likimtiririka. Mimi machozi yalinilenga, nikampongeza. Akanitazama kama mtu aliyeajiri mvivu.

"Dirisha moja ndiyo nyumba? Chapa mengine kumi na mawili."

Wino umekwisha, nakimbilia dukani kabla hajanifukuza kazi.

Ni mimi mdogo wako,
kibarua.